Baiti ya 27

Siku hizi jioni zangu zinaliwa na programu ndogo ninayoiandika ya kusomea matini marefu ndani ya terminali, lile dirisha la maandishi matupu la kuandikia amri. Unashuka kwa mshale wa chini, unapanda kwa mshale wa juu, unatoka kwa Esc. Kurasa hazikunisumbua. Kilichonikalisha ni hiyo Esc.

Programu ya kawaida, ukiiacha ilivyo, haioni vitufe. Kati yake na kibodi umekaa mfumo endeshi, nao hukusanya herufi kimyakimya mpaka ubonyeze Enter, ndipo uachilie mstari mzima. Ukikosea ukafuta, ni mfumo unaofuta. Herufi zinazojitokeza kwenye skrini unapoandika, ni mfumo unaozirudisha. Hata Ctrl-C inapoua programu, ni mfumo uliodaka baiti yenye thamani 3 njiani na kuigeuza ishara ya kukatisha. Kwenye Linux na jamaa zake msaada huu wote huzimika: unachukua mipangilio iliyopo kwa tcgetattr, unaitunza nakala yake, unazima ICANON (kukusanya mstari), ECHO (kurudisha herufi) na ISIG (ishara kama ya Ctrl-C), kisha unaipachika upya kwa tcsetattr. Tangu hapo kila kibonyezo kinakufikia papo hapo, na kila kitu ulichokuwa ukifanyiwa bure, hata kufuta herufi, sasa ni kazi yako.

Basi vibonyezo vikaanza kunifikia. Herufi a ni baiti moja, 97. Mshale wa juu ni baiti tatu: 27, 91, 65, yaani Esc, mabano ya mraba na A. Na kitufe cha Esc chenyewe? 27, basi.

Programu ikipokea 27, haina namna ya kujua kama mtu anataka kutoka au kama ni kichwa cha mshale ambao mkia wake uko njiani. Kwenye baiti yenyewe hakuna jibu, kwa hiyo inabidi kuangalia saa: subiri kidogo, kikifuata kitu ni mshale, kisipofuata ni Esc. Kidogo kiasi gani? VTIME, kipima muda kilicho ndani ya mipangilio ileile ya terminali (termios), huhesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo haishuki chini ya milisekunde 100. Ukitaka pungufu ya hapo unatumia poll, wito wa mfumo unaosubiri data kwa milisekunde unazotaka. Maktaba ya ncurses, inayotumiwa na programu nyingi za terminali, isipoambiwa vingine, husubiri sekunde nzima, ndiyo maana baadhi ya programu huonekana zimezubaa ukibonyeza Esc. Ukifupisha mno, mtandao wa polepole utaukata mshale vipande viwili na msomaji atatolewa nje wakati alitaka kupanda mstari mmoja tu. Tena terminali nyingi hutuma Alt na herufi kama 27 ikifuatwa na herufi hiyo, kwa hiyo mwenye vidole vyepesi anaweza kubonyeza Esc kisha x, programu ikaelewa Alt-x.

Chanzo cha yote haya ni kwamba amri na maandishi hupita njia moja. Mpangilio huu uliwekwa kwenye kiwango cha ECMA-48 mwaka 1976, na VT100, terminali ya kampuni ya DEC iliyotoka 1978, ikausambaza kiasi kwamba terminali za leo bado zinaiga tabia zake. Programu nayo hutoa amri kwa baiti ileile: 27 ikifuatwa na [2J hufuta skrini, [?25l huficha kishale, ile alama inayoonyesha unapoandika. Ndiyo maana ukimwaga faili la picha kwenye skrini, terminali inaweza kuchanganyikiwa. Imekutana na amri ambazo hakuna aliyezikusudia.

Ninayoipenda zaidi ni [6n, inayouliza kishale kiko wapi. Terminali hujibu kupitia mlango wa kibodi, kana kwamba jibu limechapwa na mtu, katikati ya vibonyezo halisi. Programu ikifa kabla ya kulisoma, jibu humwagikia kwenye mstari wa amri: ^[[24;80R. Niliwahi kuziona takataka hizo mara nyingi bila kujua kwamba ni majibu yaliyomkosa muulizaji.

Wapo wanaouona mfumo huu kuwa uchafu wa zamani. Mimi sioni hivyo. Kwa kuwa kila kitu ni mfululizo mmoja wa baiti, programu iliyo kwenye kompyuta ya mbali hufanya kazi kupitia ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mtandao) kama iliyo mbele yako, bila kubadilishwa hata mstari. Terminali ya kitty ina itifaki inayotenganisha mambo, Esc ikitumwa kama 27 ikifuatwa na [27u, lakini si kila terminali inaielewa, na msomaji wangu simchagulii terminali.

Kwa hiyo nimeiondoa Esc. Kutoka ni kwa q. Ikija 27, programu inangoja mkia wake bila kuangalia saa, kinachofuata kisipokuwa [ au O, zinazoanzisha mkia wa mshale, 27 inatupwa na herufi hiyo inasomwa kama ilivyo. Mistari ya kupima muda yote imefutika, na poll imeondoka nayo.