Msigombane njiani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niliwaahidi somo la subira wiki hii. Halipo. Subira yenyewe iliniishia Jumamosi pale Mlolongo, ndani ya gari la kaka yangu.

Tulikuwa mimi na ndugu zangu, tumetoka Umoja tunaenda Machakos kumwona mama. Watu wazima sote, kitinda mimba wetu ana miaka 38. Tulianza na nani alipe mafuta, na kabla hatujaipita mizani tulikuwa tumesharudi utotoni, tunahesabiana.

Langu mimi ni sweta. Sweta ya kijani ya shule, aliivaa dada, ikanijia mimi na viraka kwenye viwiko, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani ulikwisha. Mwaka uleule mdogo wetu akaingia darasa la kwanza na mpya, bado iko kwenye nailoni. Miaka 32 imepita. Nikamwambia, "Wewe mama alikuzaa, sisi alituokota."

Kaka alicheka mpaka akakosea gia. Mdogo wetu hakucheka. Akasema akitazama nje, "Baba aliposhindwa hata kujigeuza kitandani, ninyi mliookotwa mlikuwa wapi?"

Hakuna aliyefungua kinywa hadi Kyumvi.

Tangu hapo nasoma Mwanzo 45. Si pale penye machozi, tunapopenda kupahubiri. Ni mstari wa 24, Yusufu anawaaga ndugu zake: "Msigombane njiani." Walimuuza akiwa na miaka 17, sasa yuko karibu 39, amesamehe, amelia, amewapa magari na chakula, lakini anawajua watu wake! Tena ni yeye aliyeweka kuni: kila mmoja kampa nguo za kubadili, Benyamini, mdogo wao, kampa jozi tano na vipande 300 vya fedha. Nyumba iliyovunjwa na kanzu moja, ile baba aliyompa Yusufu peke yake, leo mmoja anapewa tano. (Mniwie radhi, hapo hucheka peke yangu.)

Lakini rudini sura ya 42. Wale kumi walipotumwa Misri kununua nafaka, Benyamini alibaki na mzee. Tumemzoea kama mtoto wa kudekezwa. Mimi sasa namwona ndani ya hema na baba anayelilia kanzu ya Yusufu yenye damu, akidhani ameliwa na mnyama, na ndugu wanaojua ukweli wamenyamaza. Sisi tulihesabu sweta ya mdogo wetu. Usiku aliokesha na baba, miaka miwili, hatukuuhesabu hata mmoja. Tulikuwa tumeoa na kuolewa, tuna shughuli Nairobi, tunatuma M-Pesa bila hata salamu.

Niseme kwa ukali kidogo, na ninaanza na mimi. Tunaimba Zaburi ya 133, ile ya ndugu kukaa pamoja kwa umoja, kwenye ushirika huku tumemfungia ndugu asitupigie simu. Mtu anafunga siku tatu akiombea ukoo, na dada yake anaishi Kayole, nauli ya matatu moja tu, hajakanyaga kwake tangu mazishi. Paulo alipokuwa mtu mzima aliyabatilisha ya kitoto. Mimi nina miaka 44 na bado nimevaa sweta. Mpendwa, uliyemkumbuka sasa hivi ukisoma hapa, huyohuyo, mpigie leo. Usianze na Neno. Mwulize amekula nini, mkumbushe mlivyolala mzungu wa nne, miguu yake puani mwako. Acheke kwanza. Ya msamaha yatakuja, na yasipokuja leo mpigie tena kesho.

Mimi nimechelewa hadi Jumatano. Jumamosi hii tunarudi kwa mama, gari ni lilelile. Kile kiti cha nyuma katikati, kisicho na pa kuweka miguu, kimekuwa chake tangu kaka anunue gari, eti yeye ndiye mdogo. Nimemwandikia kwamba safari hii nakaa mimi.

Amejibu neno moja: "Utatoshea?"