Rula Juu ya Jedwali

Mwanzoni mwa 2015 bei ya mafuta ghafi ilikuwa imeporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50, na darasani kwetu kila mtu alikuwa hakimu wa nchi zinazouza mafuta. Serikali hii imetapanya, ile imekula mbegu, hii nyingine haina adabu. Mwalimu wetu wa fedha za umma alitusikiliza wiki mbili nzima bila kutia neno. Wiki ya tatu akaingia na bahasha.

Ndani yake mlikuwa na majedwali mawili, ya nchi mbili zinazotegemea shaba. Majina yalikuwa yamefutwa. Tulitakiwa kuupa alama, chini ya 100, mwaka mmoja uliokolezwa wino katika kila jedwali, na kuandika sababu kwa sentensi moja.

Nilikuwa na rula ya chuma. Tarakimu zilikuwa ndogo, zimebanana, na jicho langu huruka mistari, kwa hiyo nikailaza rula juu ya miaka iliyotangulia, nikabaki na 2009 peke yake. Mapato yameanguka. Matumizi yamepanda. Nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato, ya takriban asilimia 4 ya pato la taifa. Nilikasirika kana kwamba fedha ni zangu. Nikaandika 15, na sababu: “Aliyekatikiwa kipato hazidishi manunuzi.” Niliipenda sentensi ile hata nikairudia mara mbili.

Jedwali la pili, mwaka 1975, lilikuwa hivyohivyo: bei chini, mapato chini, matumizi palepale, pengo limezibwa kwa mkopo. Nikaandika 15 tena. Nilitaka nionekane mtu wa msimamo.

Jirani yangu alikuwa mkali kunishinda, alitoa sifuri mbili, kwa kuwa uwiano wa matumizi na pato la taifa ulikuwa umepanda. Mwalimu alimaliza hilo ubaoni kwa nusu dakika: ukitumia 30 katika pato la 100, kisha pato likashuka hadi 80, uwiano unaruka kutoka asilimia 30 hadi 37.5, na hujaongeza hata senti. Jirani akanyamaza. Mimi nikatabasamu, mapema mno.

“Hii sentensi ya manunuzi ni ya nani?”

Nikanyoosha mkono.

“Umesoma mwaka gani?”

“2009, Mwalimu.”

“Na 2007?”

Nikainua rula. Mwaka 2007 kulikuwa na ziada ya takriban asilimia 8.

Nchi ilikuwa Chile. Tangu 2001 walikuwa wakipanga matumizi kwa makadirio ya bei ya shaba ya miaka mingi, yanayotolewa na jopo la wataalamu wa nje ya serikali. Bei ya leo hawakuipa kipaumbele. Bei ilipopaa, ziada ikawekwa kwenye mfuko wa akiba; Waziri wa Fedha Andrés Velasco alikataa kuufungua, na watu wakamwandama kwa ubahili. Kisha shaba ikaanguka kutoka karibu dola 4 kwa ratili katikati ya 2008 hadi chini ya dola 1.50 mwisho wa mwaka. Mfuko ulikuwa na takriban dola bilioni 20. Mwaka 2009 walichota zaidi ya bilioni 9, wakazipeleka kwenye ujenzi na malipo ya mara moja kwa familia maskini. Yaani kile nilichokiita manunuzi kilikuwa kimelipiwa tayari, katika mistari ileile niliyoifunika.

“Basi nibadilishe iwe 80?” nikauliza.

“Ungeipa 80 kama bei isingerudi?”

Ilirudi, mwisho wa 2010 ilikuwa imeshapita dola 4. Sikuwa na jibu, na hakulisubiri. Akagonga kidole kwenye jedwali la pili. “Hii ni Zambia. Hapa bei haikurudi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1974 migodi iliipa serikali zaidi ya nusu ya mapato yake. 1977 karibu haikutoa kitu. Walikopa wakidhani ni mvua ya kupita.”

Nikahema kidogo: angalau 15 ya pili ilikuwa salama.

“Nipe rula yako,” akasema.

Aliigeuza. Akaiweka chini ya mstari wa 1975, ikafunika 1976, 1977 na yote yaliyofuata. “Wewe ndiye waziri. Huku chini hukuoni. Huku juu unaona bei ikishuka na kupanda tena. Njia za kupeleka shaba baharini zimeziba: mpaka wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, umefungwa tangu 1973, reli ya Benguela imekatika mwaka huu kwa vita vya Angola, na TAZARA, reli ya kwenda Dar es Salaam, bado haijafunguliwa rasmi. Wakopeshaji wako tayari. Unakata nini, na unaanza lini?”

Darasa lilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mwenzetu mmoja alisema angepunguza mishahara. Mwingine akamuuliza migodini nani atashuka. Mimi nilifuta 15, nikaandika 40, nikafuta, nikaandika 35. Karatasi ikachanika hapo kwenye alama.

Kipindi kikaisha. Mwalimu akakusanya karatasi zote, pamoja na yangu yenye tundu, akaondoka na rula yangu.