Kombe Mweusi wa Vembanad

Jina lake la kisayansi ni Villorita cyprinoides, lakini mimi nitamwita kombe mweusi, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na wavuvi wa Kerala, kusini-magharibi mwa India. Ni mdogo kiasi cha kuenea katikati ya kiganja, na magamba yake mawili, manene kuliko unavyotarajia, yana matuta yaliyopangana mfano wa pete chini ya ngozi nyeusi ambayo ikibanduka huacha weupe wa chokaa.

Makao yake makuu ni Ziwa Vembanad, ambalo maji yake hayana ladha moja mwaka mzima: mvua za kuanzia Juni huijaza mito na kuisukuma chumvi nje, kisha kiangazi kinapoingia bahari hurudi ndani taratibu. Kombe mzima huvumilia maji yaliyokaribia kukosa chumvi kabisa, ila uzazi wake hufuata kupanda na kushuka kwa chumvi, na mabuu wake, wanaoelea kabla ya kutua matopeni, huhitaji chumvi kiasi.

Hapo ndipo lilipoingia lango la Thanneermukkom. Mashamba ya mpunga ya Kuttanad, eneo lililo kando ya ziwa hilo, yako chini ya usawa wa bahari, na ili chumvi isiyaunguze, katika miaka ya 1970 ulikamilishwa ukuta wenye milango inayofungwa kiangazi. Mkulima amepona, jambo ambalo siwezi kulibeza, lakini kombe walio upande wa kusini wa ukuta huo hukatiwa chumvi katika miezi ileile ambayo wangeihitaji kwa ajili ya kizazi kipya.

Wavuvi huwakokota kutoka matopeni kwa reki yenye mpini mrefu na wavu, wakiwa mtumbwini, au huzamia na kuwaokota kwa mikono. Nchi kavu, kazi hiyo hushikwa zaidi na wanawake: huwachemsha mpaka magamba yafunuke, kisha huwatikisa katika chekeche, nyama ikaenda huku na magamba kule. Nyama huliwa, magamba huchomwa kuwa chokaa. Udongo wa Kuttanad una tindikali nyingi, na sehemu ya chokaa hiyo hununuliwa na wakulima wa mpunga, ambao huimwaga katika mashamba yaleyale yanayolindwa na lango.