Siku moja na vichuguu vyetu, Sengerema

Saa 11 alfajiri niko kitaluni, namwagilia viriba vya mijohoro na migliricidia. Miche hii tunaipanda mipakani mwa mashamba ya mihogo na mahindi ili kuni zipatikane karibu na nyumbani, msitu wa kijiji upumzike. Watu wananiita bwana miche. Mimi nalinda uyoga.

Saa 2 tunaingia msituni na mapanga. Kisiki cha mtundu, mti wa miombo, uliokatwa kwa mkaa huchipua. Tunabakiza machipukizi mawili yaliyonyooka. Nyuzi za kuvu, ile inayozaa uyoga, zimeishika mizizi ya mtundu na ya mwenzake muba, mti unazilisha sukari, nazo zinauletea maji na virutubisho. Mti ukikatwa, na uyoga wake haupo.

Saa 4 nikaitwa mbio. Jamaa ana sururu na mkokoteni, anachimba kichuguu apate udongo wa kufyatulia tofali. Shamba ni lake, sina amri ya kumzuia.

"Shemeji, mchwa wananilia mahindi, wewe unawatetea?"

Ni kweli wanakula. Lakini ndani ya kichuguu wanalima kuvu juu ya majani na vijiti wanavyokusanya, na mvua za kwanza zikinyesha unatoka ule uyoga mkubwa. Huo hauoteshwi kwenye mifuko kama ule uyoga wa mamama. Sururu ikimfikia malkia wa mchwa, uyoga umekwisha. Nilimweleza, akanijibu ukuta wake umeanguka na mvua ziko karibu. Ningemkasirikia vipi? Tukabishana juani, maji yakaniishia, akaketi, akasimama, akashika tena sururu. Aliyetunusuru ni mama yake mzazi, alikuja polepole na fimbo, akatusalimu Kisukuma: "Mwadila." Kisha akamgeukia mwanawe: "Uyoga wa hapo ndio ulionunua madaftari yako."

Akanyamaza. Nikamwambia kipo kichuguu kingine kule bondeni, tundu nililotoboa juzi halijazibwa, maana yake mchwa hawamo tena. Tukaenda. Tumechimba sote, tumesukuma mkokoteni safari sita kwenye mchanga, na mgongo wangu hadi sasa hauinuki. Chakula cha mchana nimekisahau, saa sikuiangalia tena.

Jua linazama upande wa Geita nikapita pale shambani. Palipogongwa na sururu asubuhi, mchwa walikuwa wameshaanza kupaka udongo mbichi.