Nilipoipunguza kasi laini ya duka, ikachangamka

Duka langu la steshenari liko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba ambazo mgeni hapotei: akijua kuhesabu, amefika. Nina kompyuta nne, mashine ya kopi, printa mbili na ruta ya 4G niliyoifunga dirishani. Kazi yetu kubwa ni maombi: mkopo wa chuo, ajira, cheti cha kuzaliwa, kontroli namba. Ni vitu vinavyokula data kidogo sana, lakini ukurasa ukiganda katikati mteja anatoka jasho, na mimi pia.

Na ulikuwa unaganda. Asubuhi shwari, kuanzia saa kumi jioni ni kilio. Siku moja mama mmoja alikaa na binti yake wakijaza fomu ya mkopo. Wakafika mahali pa kuambatisha cheti, kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka weee. "Mwanangu," akaniita, "hiki kiduara kwani kinatafuta nini?" Nikacheka kwa aibu. Kompyuta ya pili alikuwepo mwalimu anayepandisha video ya mahafali, karibu gigabaiti nzima. Sikuunganisha mambo hayo mawili.

Nikafanya anachofanya kila mtu: nikanunua kifurushi kikubwa zaidi. Kisha nikabadilisha kampuni ya simu. Hali ikabaki ile ile, mfukoni tu ndiko kulikobadilika.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu. Aliniambia nisipime kasi, nipime muda wa kwenda na kurudi. Tukafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tukapiga pingi: unatuma kipakiti kidogo cha data na kupima kimerudi baada ya muda gani. Laini ikiwa tupu, milisekunde 45. Tukaanza kupandisha faili kubwa: 300, 900, 2,300. Sekunde mbili na ushee kwa kipakiti kimoja kwenda na kurudi! Huku kipimo cha kasi kinasema laini iko vizuri. Kasi ilikuwepo. Tulichokosa ni zamu.

Chukua mfano wa mama wa chapati. Umekwenda kutaka moja ya kunywea chai, mbele yako kuna mtu wa harusi kaagiza 300. Mama hakatai oda, anapokea zote na kuzipika kwa mpangilio zilivyoingia. Modemu nayo, yaani ile ruta ya dirishani, ina bafa, kumbukumbu ya kuweka pakiti zinazosubiri kutoka, na siku hizi kumbukumbu ni rahisi kwa hiyo bafa zimetengenezwa kubwa. Bafa ya kilobaiti 500 iliyojaa kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde ni sekunde 2 kamili za kusubiri. Cheti cha yule binti kilikuwa kimepanga foleni nyuma ya mahafali.

Kwa nini kompyuta ya mwalimu haikupunguza mwendo yenyewe? Hapo inabidi kurudi nyuma. Oktoba 1986 mtandao ulisongamana hadi mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, yakaporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akalichunguza, na mwaka 1988 akaandika namna ambavyo kila kompyuta inapaswa kujirekebisha: ongeza mwendo kidogo kidogo, na pakiti ikipotea punguza kwa nguvu. Dunia nzima ikafuata njia hiyo. Lakini pakiti iliyopotea ndiyo ishara, na bafa kubwa haipotezi pakiti hadi ijae pomoni. Kwa hiyo mtumaji anaendelea kusukuma akidhani barabara ni nyeupe.

Dawa ya kwanza niliyoipata ilinishangaza: ujipunguzie kasi mwenyewe. Nilichukua ruta kuukuu, nikaiwekea OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, nikaichomeka kati ya modemu na kompyuta. Ndani yake kuna kitu kinaitwa CAKE, kipanga foleni cha pakiti. Ukikiagiza kitume pungufu kidogo ya uwezo wa laini, foleni inahama kutoka kwenye modemu, ambako huna amri, inakuja kwako. Ikishakuwa kwako, kila mawasiliano yanapewa mstari wake na kuhudumiwa kwa zamu. Ndani kuna pia kanuni iliyotokana na CoDel, kazi ya Jacobson huyo huyo na Kathleen Nichols ya mwaka 2012. Haihesabu pakiti zilizopanga, inaangalia zimesubiri muda gani. Kwa viwango vyake vya kawaida, kusubiri kukizidi milisekunde 5 na hali ikadumu kwa milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti moja moja kumwambia mtumaji apunguze. Foleni ya kupita inaachwa, foleni iliyohamia inafukuzwa.

Nikaweka megabiti 5 za kupandisha. Asubuhi nikajaribu: faili kubwa linapanda, pingi 60. Nikaringa siku nzima.

Jioni, kiduara kikarudi.

Nilisahau kwamba 4G si bomba la maji la kipenyo kimoja. Mnara wenyewe unajirekebisha kila mara: mawimbi yakiwa safi kila alama ya redio inayotumwa inabeba biti 6, yakiwa hafifu inabeba 2. Juu ya hapo, jioni watu wamerudi nyumbani na wote wamo humo humo. Laini yangu ya kupandisha ilikuwa imeshuka hadi megabiti 1.8, na mimi nimeandika 5. Foleni ikarudi kule kule kwenye modemu. Nikaandika 1.5, jioni ikawa raha, asubuhi nikawa natupa zaidi ya nusu ya kitu nilichokilipia.

Basi namba isiwe moja. Ikabidi ruta ijipimie na kujibadilisha. Niliandika programu yangu fupi: pingi ikipanda, kata kasi nusu, ikishuka, rudisha mara mbili. Ikawa pembea. Laini inaruka juu, inaanguka chini, na wateja nao wanaona. Kosa langu lilikuwa kupanda kwa pupa. Nikaiacha, nikachukua programu iliyoandikwa na watu wenye shida kama yangu. Inapiga pingi muda wote, inakumbuka hali ya kawaida ikoje, na unaipa sakafu na dari ya kasi. Ucheleweshaji ukizidi inashuka haraka. Laini ikiwa na kazi na pingi imetulia, inapanda taratibu. Kanuni ya 1988 ile ile, safari hii inaendeshwa na ruta ya dukani kwangu.

Kitu kimoja hakuna aliyenidokeza: pingi nazo zinakula bando. Programu ilikuja ikipiga 20 kwa sekunde. Pingi moja ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Piga hesabu kwa saa 24, ni karibu megabaiti 290 kwa siku za kupima tu. Nikapunguza hadi 5 kwa sekunde na kuzima duka likifungwa. Sasa ni kama megabaiti 36. Inachelewa kidogo kushtuka laini inapobadilika, lakini kwa fomu za mkopo inatosha kabisa.

Jioni siku hizi pingi inacheza kati ya 60 na 110, hata kompyuta zote nne zikiwa na watu. Mwalimu ndiye hakufurahi. Alirudi na mahafali mengine saa kumi na moja jioni, video ikachukua muda mrefu kuliko zamani, kwa sababu sasa anagawana na wenzake. "Umeniwekea breki, bwana mdogo," akaniambia. Nikamwambia ni kweli, mwalimu, nimeiweka kwa wote. Kesho yake nikabandika karatasi mlangoni: kupandisha video kabla ya saa nne asubuhi, nusu bei.