Nilivyoichora mbuzi ya nazi kwa rangi ya waridi

Kwa muda mrefu nilichora wanachochora wengi hapa Dar: twiga, dau, jua likizama. Vinauzwa, sina ugomvi navyo. Walakini kazi za Michael Craig-Martin, mzaliwa wa Dublin mwaka 1941 aliyejenga jina London, zilinitoa huko. Huyu huchora balbu, kiti, kiatu. Mstari una unene uleule mwanzo hadi mwisho, kivuli hakuna, na rangi anazojazia si za kitu chenyewe. Mwaka 1973 aliweka glasi ya maji juu ya rafu akatangaza kuwa ni mti wa mwaloni. Hilo halikunishika sana, lina maneno mengi. Picha ndizo zilizonishika.

Nikachukua mbuzi ya jikoni kwetu. Nimeikalia tangu utotoni, lakini kuichora kwa kichwa nikashindwa: miguu inapishana wapi hasa? Nikaipandisha mezani, nikawa naizungusha hadi nikapata upande ambao ulimi wa chuma, meno yake na ule mpishano wa mbao vyote vinaonekana. Kutafuta upande kulinichukua muda kuliko kupaka rangi.

Craig-Martin mwenyewe hutumia rangi ya akriliki juu ya bamba la alumini. Mimi nilikuwa na plaiwudi na rangi ya maji ya ukutani. Nilipiga msasa, nikapaka nyeusi, ikakauka. Juu yake nikaufuata mchoro kwa utepe wa gundi wa karatasi, niliouchana mwembamba kwa wembe. Kwenye meno utepe haukubali kupinda. Pale nilikata vipande vidogovidogo. Kabla ya rangi nyingine nilipitisha tena nyeusi kwenye kingo za utepe. Ikipenya, ni nyeusi juu ya nyeusi, na rangi inayofuata haina pa kuingilia. Kisha mbao waridi, ulimi kijani, nyuma samawati. Utepe ubanduliwe taratibu, rangi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Kilichonitesa ni kuacha kivuli. Mkono ulikuwa unakitaka wenyewe.

Shangazi alipoiona akasema, “Meno umeyazidisha, mwanangu.” Nikamwambia akahesabu. Akaenda jikoni, akarudi akidai ile ya jikoni ndiyo yenye kasoro.

Sasa niko kwenye feni ya mezani, na ule waya wa kuzuia vidole unanimalizia utepe.