Kabla ya 1864: kutoka Chunya hadi Mayo

Anayetafuta wazee wake wa Ayalandi waliozaliwa kabla ya mwaka 1864 asianze na jina. Aanze na kitongoji, kile wanachokiita townland, kipande kidogo cha ardhi chenye jina lake. Naandika haya nikiwa Mbeya kwa sababu naamini ziko familia nyingine mkoani hapa, Chunya hasa, zenye mzee wa huko upande mmoja wa ukoo, na kazi yenyewe inafanyika hapa hapa kwa simu na bando.

Wa kwetu ni baba yake Bibi mzaa mama. Alikuja Lupa wakati wa dhahabu, miaka ya 1930, wachimbaji walipojaa kwenye vijito vya Chunya wakichekecha mchanga. Bibi alizaliwa huko, mama yake Msafwa. Cheti hana. Enzi hizo vizazi vya Waafrika wengi havikuandikwa serikalini; walioandika ni mapadre na wachungaji. Kitabu cha ubatizo cha misheni kina mstari mmoja tu juu yake, na kwenye nafasi ya baba kuna jina kamili na neno Mayo. Mayo ni kaunti kubwa magharibi mwa Ayalandi, na watu wenye jina kama lile la mzee wetu wamejaa humo.

Tuliokolewa na masikio ya Bibi. Baba yake alikuwa akimtajia mahali alipozaliwa, Bibi akapashika, naye akamwachia Mama. Kwa vinywa viwili vya Chunya jina lilikuwa limelainika, lina irabu nyingi kuliko lilivyoandikwa kwao. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na orodha yake yote imo mtandaoni. Nikaketi na Mama jikoni, jioni za baridi ya Juni, nikimsomea majina ya Mayo kwa sauti. "Usiyanyooshe, mwanangu, soma polepole," alikuwa akisema. Kisha usiku mmoja akanishika mkono: "Hapo. Rudia hapo." Kitongoji sikitaji, kwa kuwa wapo ndugu wanaoishi huko hadi leo na sijawaomba ruhusa.

Kuanzia hapo hadi 1864 njia ni nyeupe. Mwaka huo ndipo serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, vifo na ndoa za watu wote. Ndoa za wasio Wakatoliki zilitangulia, mwaka 1845. Picha za kumbukumbu hizo serikali yao inazitoa bure. Baba yake Bibi yumo, kazaliwa 1893 kitongoji kile kile, na jina la ukoo wa mama yake lipo. Ndoa ya wazazi wake inawataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Sensa ya 1901 inawaonyesha wote chini ya paa moja, pamoja na mjane mzee, mama wa mwenye nyumba. Huyo mjane ndiye wa kabla ya 1864, na kwa watu kama yeye ndipo wengi hukwama.

Hukwama kwa sababu karatasi ziliteketea. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la nyaraka pale Four Courts, kwenye majengo ya mahakama jijini Dublin, liliungua. Sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda karibu zote, pamoja na vitabu vingi vya Kanisa la Ayalandi, lile la Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ninapoisoma habari hii moyo huniuma kana kwamba ni nyumba yetu iliyoungua.

Sasa mtazame yule mjane. Sensa ya 1901 inasema ana miaka 58. Ile ya 1911 inasema 75. Si kwamba makarani walilewa. Kuanzia Januari 1909 wazee wa miaka 70 na kuendelea walianza kulipwa pensheni, shilingi tano kwa wiki, na kwa familia ya shamba dogo hiyo ilikuwa fedha ya maana. Ila aliyezaliwa kabla ya 1864 hakuwa na cheti cha kuthibitisha umri. Serikali ikakubali kumtafutia jina kwenye sensa ya 1841 au ya 1851, zilizokuwa bado zipo Dublin. Mwombaji alijaziwa fomu: wazazi wako ni nani, mliishi kitongoji gani, parokia gani. Karani akafungua sensa, akaandika alichokiona.

Sensa iliungua. Fomu nyingi zilibaki, na leo zinasomwa bure katika Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Ya mjane wetu ipo. Mwaka 1841 alikuwa mtoto wa miaka mitano, katika kitongoji cha jirani, na majina ya baba na mama yake yameandikwa. Nilipomsomea Mama, alinyamaza, kisha akaomba nimwandikie majina hayo kwa herufi kubwa.

Vitabu vya parokia vya Kikatoliki, hadi kama 1880, Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka mtandaoni kwa picha, bure. Ni mwandiko wa padre, mara nyingi kwa Kilatini: Patricius ni Patrick, Jacobus ni James. Usisome jina la mtoto na wazazi ukafunga. Soma wasimamizi wa ubatizo! Mara nyingi ni ndugu, na huko kama kwetu majina ya babu na bibi hurudi kwa wajukuu. Mtoto wa mjane, aliyebatizwa 1858, msimamizi wake ana jina la ukoo wa mjane. Ni mjomba, sina shaka.

Yapo pia makadirio ya Griffith, hesabu ya serikali ya thamani ya ardhi na nyumba, 1847 hadi 1864, yaliyoorodhesha kila aliyeshika ardhi au nyumba, na mwenye shamba aliyelipwa kodi. Mayo ilifikiwa katikati ya miaka ya 1850, Njaa Kuu, ile iliyoanza 1845 viazi vilipooza mashambani, ikiwa imeshapita. Kwenye kitongoji cha utotoni mwa mjane baba yake hayumo. Aliyeandikwa ni mama yake. Vitabu vya mazishi vya Wakatoliki ni vichache, na wa Njaa Kuu wengi walizikwa bila kuandikwa popote. Nyuma zaidi, kitabu cha zaka cha miaka ya 1830, chenye majina ya wenye mashamba waliodaiwa zaka ya Kanisa la Ayalandi, kina mtu wa ukoo ule pale pale, lakini jina la kwanza ni jingine, kwa hiyo simwingizi kwenye mti wa ukoo mpaka nipate la kumfunga.

Novemba Mama atapeleka majina yote kwenye misa ya marehemu. Mimi namtafuta yule mjomba, maana baada ya 1858 simwoni tena Mayo. Watu wa huko walizoea kuvuka kwenda kuvuna Uingereza, wengine wakabaki Lancashire, upande wa Liverpool, na sensa ya Uingereza ya 1861 ipo karibu nzima. Karani mara nyingi aliandika "Ireland" tu, lakini mmoja mmoja aliongeza kaunti. Nimeanzia Liverpool.